Uchumi Unakua, Vumbi Linabaki kwa Nani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mtwara na Lindi

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka kadhaa. Mengine niliulizwa darasani nikifundisha jiografia, mengine kwenye mikutano ya kijiji, mengine ndani ya basi la Masasi, lori la makaa ya mawe likiwa mbele yetu na abiria wote wamefunga madirisha kwenye joto lile. Nimeyaacha karibu na yalivyoulizwa. Majibu hayalingani urefu, kwa sababu mambo yenyewe hayalingani uzito.

Uchumi ukikua, ni lazima mazingira yachafuke?

Si lazima, ila mambo yakiachwa yajiendee ndivyo mara nyingi inavyokuwa. Uchumi kukua ni kuzalisha na kuuza zaidi ya mwaka jana, na hakuna kinachozalishwa bila masalia. Kiwanda kina moshi, bandari ina vumbi, shamba lina dawa, mji una majitaka na taka za sokoni.

Wachumi hulichambua jambo hili kwa kutazama vitu vitatu. Kwanza ni wingi: maroli mia yanatimua vumbi kuliko maroli kumi. Pili ni aina ya shughuli: mkoa unaoishi kwa kusafirisha makaa ya mawe hauchafuki sawa na mkoa unaoishi kwa kubangua korosho. Tatu ni namna kazi inavyofanywa. Tani ileile ya makaa inaweza kufika melini bila mtu kukohoa, au ikapaka weusi nguo zote zilizoanikwa mtaani, kutegemea kama lori lilifunikwa turubai na kama lundo lilimwagiwa maji. Viwili vya kwanza huamuliwa zaidi na sera za taifa na bei za dunia. Hicho cha tatu kiko karibu na mikono yetu, na nitakirudia sana.

Mwalimu, tumesoma kwamba nchi ikishatajirika hujisafisha yenyewe. Ni kweli?

Hapo mnazungumzia mchoro wa Kuznets, ule wenye umbo la kilima. Simon Kuznets mwenyewe, mchumi, hakuzungumzia moshi. Mwaka 1955 alieleza jinsi tofauti ya kipato kati ya watu inavyoweza kupanda nchi inapoanza kukua, kisha ikashuka baadaye. Mwaka 1991 wachumi wawili wa Marekani, Gene Grossman na Alan Krueger, walichukua vipimo vya hewa vya miji ya nchi nyingi wakaona umbo hilohilo kwenye baadhi ya uchafuzi: unapanda pamoja na kipato, unafika kileleni, halafu unateremka. Kwa moshi na hewa ya salfa, kilele kilionekana pale kipato cha mtu kwa mwaka kinapofika kati ya dola 4,000 na 5,000 kwa thamani ya dola za miaka ya 1980.

Mwanafunzi akiishia hapo anatoka darasani na somo la hatari: tuchafue kwanza, tutasafisha tukishiba. Pato la Mtanzania mmoja ni kama dola 1,200 kwa mwaka. Tukisubiri kilele, watoto waliozaliwa leo Chikongola, Mtwara mjini, watakuwa wazee.

Na kilima chenyewe hakiko kila mahali. Kinaonekana kwenye uchafu unaoumiza watu haraka na karibu, kama moshi wa mjini, kwa sababu wanaoumia ndio wanaopiga kelele. Kwenye hewa ukaa, inayosambaa dunia nzima, mteremko wake ni hafifu sana. Nchi tajiri bado ndizo zinazotoa nyingi kwa kila mtu. Kwenye vitu visivyorudi hakuna kilima kabisa. Tumbawe lililopasuliwa halijali kama kipato kimepanda. Grossman na Krueger wenyewe walionya baadaye kwamba mteremko huo hauji wenyewe. Unaletwa na sheria, na sheria zinaletwa na watu wanaodai.

Na sisi tuna ushahidi wetu. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki. Wakati huo Benki ya Dunia ilikuwa bado inatuhesabu miongoni mwa nchi za kipato cha chini; kipato cha kati tuliingizwa Julai 2020. Hatukusubiri utajiri. Nenda soko kuu la Mtwara uone wanachobebea watu samaki.

Hiyo London mnayoitaja kila mara mkizungumzia moshi, kulitokea nini?

Desemba 1952 moshi wa makaa ya mawe uligandamana na ukungu kwa siku tano, ukaua watu wapatao 4,000 kwa hesabu ya awali. Watafiti wa baadaye wamefikisha hadi 12,000. Sheria ya hewa safi ilipitishwa mwaka 1956. Uingereza ilikuwa nchi tajiri kwa zaidi ya miaka mia kabla ya siku hizo tano, na utajiri wote huo haukuwa umeusafisha moshi. Kilichousafisha ni sheria, pamoja na watu kuacha kuchoma makaa majumbani.

Mbona takwimu zinasema uchumi wa mkoa unapanda na sisi tunaona maisha yanazidi kuwa magumu?

Takwimu hazidanganyi, ila zinapima kitu kimoja tu. Pato la Taifa linajumlisha thamani ya bidhaa na huduma zilizozalishwa. Lori likitoka Ruvuma na tani zake za makaa hadi Mtwara, mwendo wa zaidi ya kilomita 600, hesabu inapanda: mafuta, posho ya dereva, tozo za bandari. Mtoto wa kando ya barabara akipata kikohozi, mama yake akanunua dawa duka la dawa, hesabu inapanda tena. Kikohozi chenyewe hakiandikwi popote.

Mei 2024, mvua kubwa na Kimbunga Hidaya vilipotupiga, barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika maeneo ya Somanga. Watu walikwama, bidhaa zikaoza, wagonjwa wakashindwa kupita. Ujenzi wa kurudisha barabara uliingia kwenye hesabu kama shughuli ya uchumi, kama kawaida. Lakini vitu ambavyo vingepunguza nguvu ya maji, kama mikoko na misitu ya mabondeni, thamani yake kwenye hesabu ni sifuri hadi siku inapokatwa na kuuzwa.

Kwa hiyo mtu wa Mikindani anayesema "uchumi umekua lakini mimi sijauona" hajakosea. Fedha na vumbi vinasafiri njia moja, ila fedha inaendelea na safari na vumbi linashuka hapa. Ndiyo maana swali langu la kwanza kuhusu mradi wowote huwa ni nani anapata nini: nani analipwa, na nani anapumua.

Vumbi la makaa ya mawe lina madhara gani hasa? Si vumbi tu kama la barabarani?

Hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote tangu biashara ya makaa ilipopamba moto hapa. Vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022, bei ya makaa duniani ikapaa, na bandari ya Mtwara, iliyozoea kuchangamka msimu wa korosho na kulala baada ya hapo, ikawa na kazi mfululizo. Vijana wengi walipata ajira. Mama lishe wa kando ya barabara waliuza. Sitadharau hata shilingi moja ya hizo.

Lakini vumbi lile si sawa na la barabarani. Chembe zake nyingine ni ndogo mno kiasi cha kupita puani na kooni hadi ndani kabisa ya mapafu, na huko hazitoki kwa urahisi. Wanaozivuta kwa wingi kwa miaka, kama wachimbaji, hupata ugonjwa wa mapafu usio na tiba ya kuuondoa. Kwa wakazi wa jirani wanaovuta kidogokidogo, wasiwasi ni zaidi kwa wenye pumu, watoto wadogo na wazee. Halafu kuna yale tunayoyaona kwa macho: paa linalovuna maji ya mvua linapokuwa na weusi, tangi nalo linakuwa na weusi. Na wapo wengi Kusini wanaokunywa maji ya paa.

Kuna na jambo la biashara lenyewe. Bandari hiyohiyo ndiyo inayotoa korosho, na korosho ni chakula. Mnunuzi wa nje akikuta weusi kwenye gunia, hasara haibaki kwa mwenye makaa. Inarudi kwenye bei ya mnada, inamfikia mkulima wa Tandahimba ambaye hajawahi kuliona lundo la makaa.

Dawa ya vumbi hili inajulikana na haihitaji utaalamu wa ajabu. Turubai lifungwe kuanzia mgodini hadi bandarini. Matairi yaoshwe kabla lori halijaingia mtaani. Lundo limwagiwe maji na lizungushiwe uzio wa kukata upepo. Mkanda wa kupakilia ufunikwe. Lundo lisikae muda mrefu, maana makaa yakirundikwa sana huweza kupata joto yenyewe hadi kuwaka. Gharama ya haya ni ndogo ukiilinganisha na bei ya shehena ya meli moja. Nimewahi kuhesabu maroli yaliyotupita mchana mmoja kutoka Masasi; machache yalikuwa na turubai linalofunika kweli, mengi yalikuwa na kipande cha kuonyesha askari.

Si makaa yatahamishiwa Mgao? Basi tatizo limekwisha.

Serikali ilipanga bandari ya Kisiwa-Mgao mahsusi kwa mizigo michafu, yaani makaa, saruji na mingine ya namna hiyo, ili bandari ya mjini ibaki na mizigo safi. Ni uamuzi wenye akili kwa korosho na kwa watu wa mjini. Ila tuseme ukweli, Mgao nako kuna watu, wavuvi na wakulima. Ukihamisha mzigo bila turubai, bila maji na bila uzio, umehamisha kikohozi tu kutoka mtaa wenye sauti kwenda kijiji chenye sauti ndogo. Katika nchi nyingi kinachoitwa mazingira kuboreka ni uchafu kuhamia kwa watu wasioandikwa magazetini. Nchi tajiri zimefanya hivyo kwa nchi maskini, na miji inafanya hivyo kwa vijiji. Bandari mpya ina nafasi ambayo ya zamani haikuwa nayo: kuwekewa mikanda iliyofunikwa tangu mwanzo, wakati bado zege ni bichi.

Gesi yetu ni nishati safi au ni maneno ya matangazo?

Ni safi kuliko makaa na mafuta, haijawa safi kabisa. Ukizalisha umeme kwa gesi asilia, hewa ukaa inayotoka ni kama nusu ya ile ya makaa, na masizi hayapo karibu kabisa. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ya Mnazi Bay mwaka 1982. Ya Songo Songo ilianza kuzalisha umeme Dar es Salaam mwaka 2004, na bomba kubwa la kutoka Mtwara lilizinduliwa mwaka 2015. Kwa miaka mingi kabla ya Bwawa la Julius Nyerere, gesi ndiyo ilikuwa inabeba sehemu kubwa ya umeme wa gridi. Bila hiyo tungechoma mafuta mazito.

Shida yake ni uvujaji. Gesi asilia kwa sehemu kubwa ni methani, na methani ikiponyoka hewani bila kuungua, kwa kipindi cha miaka 20 inapasha dunia joto zaidi ya mara 80 ya uzito uleule wa hewa ukaa. Bomba linalovuja kidogo linakula faida yote ya usafi. Kwa hiyo ukiishi karibu na mitambo, kutaka kujua vipimo vya uvujaji ni haki yako, wala si uchochezi.

Na kiwanda cha saruji?

Kiwanda cha Dangote kilizinduliwa mwaka 2015 kikiwa na uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka, na saruji iliyokuwa inatoka mbali ikaanza kutengenezwa hapahapa. Saruji ina kitu ambacho wengi hawakijui: hata ukichoma kwa nishati safi kabisa, mawe yenyewe ya chokaa yakipashwa moto hutoa hewa ukaa, na hiyo ndiyo sehemu kubwa zaidi ya hewa ukaa ya saruji. Vumbi lake ni jambo jingine. Hilo linazuilika kwa machujio ya bomba la moshi, mradi yafanye kazi usiku kama yanavyofanya mchana mkaguzi anapokuwepo.

Uchafuzi si mambo ya viwanda? Sisi wakulima wa korosho tunahusikaje?

Tunahusika sana, na hapa lazima nijisemee na mimi, maana nina mikorosho yangu michache.

Mwaka wa kilimo 1973/74 Tanzania ilizalisha kama tani 145,000 za korosho. Miaka kumi na mitatu baadaye zilikuwa zimeporomoka chini ya tani 20,000. Watu walihamishiwa vijijini wakaacha mashamba yao mbali, bei ikawa mbaya, na ukaja ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua kabla hayajashika. Kilichotuokoa ni salfa. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele walituonyesha kupuliza salfa ya unga alfajiri, umande ukiwa bado juu ya majani na upepo umetulia. Mavuno yakapanda tena, hadi msimu wa 2017/18 tukapita tani 300,000. Nyumba za bati unazoziona Newala na Tandahimba, pikipiki, ada za sekondari, vyote vimepita kwenye salfa. Ningekuwa mnafiki nikisema salfa ni mbaya nikaishia hapo.

Lakini salfa haiishii kwenye ua. Nyingi inaanguka chini. Vijidudu vya udongoni huigeuza kuwa tindikali, na udongo wetu mwingi wa Kusini ni wa kichanga, hauna nguvu ya kuipooza. Mwaka mmoja huoni kitu. Miaka ishirini, udongo umekuwa mchachu, na mahindi, kunde na mbaazi unazopanda katikati ya mikorosho vinadumaa. Mkulima anasema "ardhi imechoka", anafyeka msitu mwingine. Hapo ukuaji wa zao moja umekula zao jingine kimyakimya, na hakuna moshi wowote angani wa kutuonyesha.

Halafu kuna mpulizaji. Kijana amebeba mashine mgongoni toka alfajiri, kafunga kitambaa puani, macho mekundu wiki nzima. Salfa inawasha macho na kukera kifua. Tunamlipa kwa kila mti. Macho yake hatuyalipi. Miwani na barakoa nzuri ni sehemu ya gharama ya shamba kama ilivyo mashine yenyewe.

Nini cha kufanya? Puliza wakati ua linachomoza na ugonjwa umeonekana, usipulize kwa sababu salfa ya ruzuku imefika na imebaki. Pogolea mikorosho ili hewa ipite, ukungu unapenda kivuli kilichosongamana. Mikorosho mikongwe ibadilishwe kidogokidogo kwa miche bora ya Naliendele inayostahimili zaidi. Viuatilifu vya maji hutumika kwa kiasi kidogo, ingawa navyo vina sumu yake na vinataka kipimo sahihi. Na udongo upimwe. Ukishakuwa mchachu, chokaa ya kilimo inasaidia kuurudisha. Ningependa sana siku moja vyama vyetu vya ushirika wa mazao, AMCOS, vinunue kipimo cha udongo kama vinavyonunua mizani.

Maskini naye anachafua mazingira, au ni matajiri peke yao?

Anachafua, na yeye ndiye anayeumia wa kwanza. Moshi mbaya kuliko wote katika mikoa hii haumo bandarini wala kiwandani. Umo jikoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria moshi wa kupikia na wa taa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani kwa mwaka 2020. Mama anayepikia mafiga matatu kwenye kibanda kisicho na dirisha, mtoto mgongoni, anavuta kwa saa moja uchafu ambao kiwanda kingefungiwa kwa kuutoa.

Hapa kukua kwa uchumi ni dawa kweli. Familia ikipata kipato inahama kwenye kuni, inakwenda kwenye gesi au umeme. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehama ifikapo 2034. Kinachoniuma mimi ni hiki: bomba linapita kilomita kwa kilomita kwenye ardhi yetu, na juu ya bomba hilo wanawake wanapita na matita ya kuni kichwani. Baadhi ya nyumba za Mtwara mjini na za Mnazi Mmoja, Lindi, zimeunganishiwa gesi ya bomba. Watu walipoandamana hapa mwaka 2013 kuhusu gesi kupelekwa Dar es Salaam, wengi walikuwa wanauliza jambo hilihili, la jiko lao. Ile vurugu ilileta vifo na hasara ambayo hakuna anayeitaka tena. Swali lenyewe bado lipo.

Mikoko, chumvi na baruti vinaingiaje humu?

Mikoko ni kitalu cha kamba na samaki wadogo, na ni ukuta wa kwanza wa pwani bahari inapochafuka. Mashamba ya chumvi ya Mtwara na Lindi yanataka ardhi tambarare nyuma ya pwani, na ardhi hiyo mara nyingi ndiyo ya mikoko. Chumvi inaonekana kwenye hesabu, kamba waliopungua hawaonekani. Kuna maeneo yenye chumvi matupu tayari, jangwa la nyuma ya mikoko lisilomea kitu. Mashamba mapya yakipelekwa huko, mti hauguswi.

Uvuvi wa baruti ulikuwa aibu yetu kwa miongo mingi. Mlipuko mmoja unaua mkubwa na mdogo na kuvunja tumbawe lililochukua miaka mingi kukua. Wengi hawaulizi baruti ilitoka wapi: migodini na kwenye ujenzi wa barabara, yaani kwenye maendeleo hayohayo. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000, na milio imepungua sana tangu Serikali ilipokaza miaka ya karibuni. Wavuvi wa Msimbati ndio wanaojua kama changu wamerudi.

Kinywe (grafiti) cha Ruangwa ni kwa ajili ya betri za magari safi. Si jambo jema?

Ni jema kwa hewa ya miji ya ng'ambo, na linaweza kuwa jema kwa Ruangwa. Lakini jiwe linasagwa na kuchekechwa hapa, kwa maji mengi, na tope linalobaki linahitaji bwawa lisilovuja. Gari likiwa safi huko, bwawa la tope liko kwetu. Ulizia bwawa.

Mtambo wa gesi kimiminika ukija Likong'o, Lindi, tutaishia kama Delta ya Niger?

Hofu hii naielewa. Nigeria iligundua mafuta Oloibiri mwaka 1956, na mwaka 2011 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilisema kulisafisha eneo moja la Delta hiyo, Ogoni, peke yake kunaweza kuchukua miaka 25 hadi 30. Mikoko imekufa, visima vina mafuta, wavuvi wamekosa kazi. Nchi ilipata fedha nyingi sana, na Delta ikabaki vile.

Tofauti ya kwanza ni kwamba yetu ni gesi. Ikivuja inapanda hewani, haigandi kwenye mizizi ya mikoko kama mafuta ghafi. Hiyo ni bahati ya jiolojia, hatuna haja ya kujisifia. Hatari zetu ni nyingine: uchimbaji wa mlango wa bahari, meli kubwa kupita kwenye maeneo ya uvuvi, maji ya moto ya kupoozea mitambo kurudishwa baharini, na mji wa Lindi kujaa watu haraka kuliko vyoo na madampo yake. Yote haya yanazungumzika kabla ya jiwe la msingi. Baada ya hapo kila badiliko lina bei, na bei hiyo watasema ni kubwa mno.

Kwa hiyo ninyi watu wa mazingira mnapinga viwanda?

Hapana. Nilizaliwa wakati Kusini ikiitwa ya kusahaulika, barabara ya Dar haipitiki masika. Sitamani kurudi huko. Nataka kiwanda na nataka mapafu.

Sheria inampa nini mtu wa kawaida?

Zaidi ya tunavyodhani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inamruhusu kwenda mahakamani kuidai. Inaweka pia kanuni kwamba anayechafua ndiye anayelipa. Miradi mikubwa lazima ifanyiwe Tathmini ya Athari kwa Mazingira, TAM, na wananchi wana nafasi ya kusikilizwa.

Nafasi hiyo huwa tunaipoteza. Wataalamu wanakuja kijijini, mkutano unaitishwa, tunauliza ajira ni ngapi na fidia ni lini, tunasaini mahudhurio, tunaondoka. Maswali hayo ni halali kabisa. Ongezeni mengine: maji mtayatoa kisima gani? Majitaka yanakwenda wapi? Nani anapima vumbi, na vipimo vitabandikwa wapi tuvione? Mradi ukiisha nani anafukia mashimo, na fedha za kufukia zimewekwa wapi leo? Mwombeni mtendaji aandike majibu kwenye muhtasari wa mkutano. Muhtasari ndio utakaobaki wakati wale wataalamu wamebadilishwa vituo.

Kero ikitokea, anzeni na kamati ya mazingira ya kijiji au mtaa, kisha afisa mazingira wa halmashauri, kisha NEMC, baraza la taifa la mazingira, Kanda ya Kusini. Andikeni barua na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Mabadiliko ya tabianchi tumeyasababisha sisi?

Kidogo mno. Mtanzania mmoja anatoa hewa ukaa chini ya nusu tani kwa mwaka, Mmarekani kama tani 14. Lakini bahari inayokula fukwe zetu haiulizi nani alichoma.

Tutajuaje vumbi limezidi wakati hatuna mashine?

Mashine ndiyo inayotoa ushahidi wa kisheria, ila mnaweza kuanza bila hiyo, na shule ndiyo mahali pazuri. Chukueni sahani nyeupe sita, zipakeni mafuta ya mgando kidogo. Wekeni mbili karibu na barabara au bandari, mbili katikati ya mtaa, mbili mbali kabisa upande ambao upepo unatokea, zote kwa urefu uleule kutoka chini na mahali pasipo na mvua. Baada ya siku saba zipigeni picha pamoja, na tarehe ionekane. Rudieni kila mwezi.

Andikeni upepo. Kusi na kaskazi havipeleki vumbi upande mmoja, na malalamiko yaliyoandikwa bila upepo hujibiwa kirahisi kwamba "siku tuliyokuja hapakuwa na vumbi". Mganga wa zahanati akikubali, wekeni pembeni idadi ya waliokuja na kikohozi mwezi huo, bila majina ya watu. Madaftari ya mwaka mzima, kusi moja na kaskazi moja, yakiwekwa mezani kwa afisa mazingira pamoja na zile picha, anakuwa na kitu cha kuanzia kuomba mashine ije kupima.